Koti Ambalo Tantine Marceline Hakulivaa

Mshauri wetu mpendwa, nakuomba msaada, na unisome hadi mwisho kabla hujanihukumu. Mimi ni mwalimu wa miaka ishirini na sita, ninakaa Kampemba, na kwa miaka minne furaha yangu baada ya kazi ilikuwa kamera, nilipiga kwa kupenda tu, na picha niliyoipenda kuliko zote ni ya shangazi yangu, Tantine Marceline, akikaanga maandazi ya bitumbula sokoni, unga hadi kwenye viwiko, anacheka kwa sababu nimemwambia asicheke. Mwaka jana alifariki, familia ikataka picha ya kilio, ya kuwekwa msibani, nami nikatoa ile nikidhani ninampa heshima, kumbe fundi wa studio alikata mikono, akakata sufuria, akafuta soko lote na kuweka rangi ya bluu, kisha akamvika kwa kompyuta koti jeusi ambalo hakuwahi kulivaa, na Marceline huyo wa koti ndiye tuliyemvaa kifuani kwenye fulana siku ya mazishi.

Tangu hapo nikiinua kamera jicho langu linakata lenyewe, namwambia kila mtu asimame wima, atazame mbele, naacha nafasi kuzunguka kichwa, na picha zangu zote zimekuwa za kilio cha watu walio hai. Sasa kamera imekaa kabatini miezi mitatu. Na babu yangu, Kambo Donat, aliyekuwa akipungia treni bendera kwenye stesheni, anarudi Mitwaba Jumamosi kukaa huko moja kwa moja, naye ameniomba mara tatu: "Mutoto, unipige foto moja ya kilio, nijione kwanza mimi mwenyewe mbele bantu bengine banione." Nyumba nzima ilicheka, mimi nikasema betri imeharibika. Ni uongo. Akiondoka bila picha sitajisamehe, na nikimpiga kama ninavyopiga sasa, nitakuwa nimemzika mapema. Nifanye nini?

Cathy, Kampemba

Cathy, pole kwa msiba, na pole zaidi kwa lile koti. Hasira yako ni ya haki. Lakini kumdanganya mzee anayefunga mizigo ni aibu, na leo hii utaufuta uongo huo.

Fundi alikata mara moja. Wewe hukumwambia mtu neno, ukachukua mkasi wake na kuendelea kukata hadi kamera ikaingia kabatini. Usiniambie kupenda kwako kumekufa. Asiyependa tena hajali picha ikiwa mbaya. Wewe unajali hadi unasingizia betri.

Kesho kaichapishe picha nzima ya Marceline, kubwa, na mikono yake na sufuria yake. Itundike sebuleni, babu aione kabla ya safari.

Kisha mpige anavyotaka: wima, koti lake mwenyewe, macho mbele. Anataka kuchagua uso wake, haki ambayo shangazi yako hakupewa. Mwonyeshe, akikataa, rudia. Akiridhika, usifunge kamera. Mpe kitambaa chochote chekundu, umwombe akuonyeshe treni ilivyokuwa ikisimamishwa. Rudi nyuma hatua tatu, mikono iingie yote, na akianza kucheka, bonyeza.

Ya kwanza aende nayo Mitwaba. Ya pili baki nayo, na siku yake ikifika, kabla hujampa fundi yeyote, mwambie: mikono haikatwi.