Beseni la Maji ya Tangawizi

Mjukuu wangu Zuhura,

Kuna jambo nimewaficha ninyi nyote. Bibi yako anakusalimu, goti lake limepona. Mimi nimedhoofu, ila kalamu bado naishika. Umeniuliza kama upumzike msimu huu wa baridi au ukazane na masomo.

Nilipokuwa mwanafunzi hapo Guangzhou, China, unakosoma wewe sasa, mama mfagizi wa bweni aliniletea beseni la maji ya moto yenye tangawizi.

“Loweka miguu, ulale mapema. Baridi ni ya kujitunza.”

Nikadhani ananisuta. “Miguu yangu hainuki, mama!”

Alicheka mpaka akakaa chini. Mimi nikayamwaga, nikarudi vitabuni mpaka mwili ukagoma.

Wewe loweka miguu, mpenzi wangu. Nilirudi nyumbani mgonjwa kabla ya mtihani wa mwisho. Ile shahada mnayojivunia sikuipata.

Babu yako