Honi ya Baba na Kopo la Udongo

Jumamosi, Novemba 2007. Nachingwea.

Joto la leo si la kusimuliwa. Mawingu yamejikusanya upande wa Nambambo tangu asubuhi, yakatutamanisha mvua, yakaondoka. Nimetoka Ruangwa ninakofundisha, nimekuja kwa Mama kwa jambo moja tu: honi.

Pikipiki ya Baba inanizidi umri. Alikuwa bwana shamba, alihamishiwa huku kutoka Mbeya, na kwa miaka mingi aliipitisha kwenye vumbi la mikorosho mpaka Chinongwe huko. Jioni, akifika kona ya kwetu, alipiga honi mara mbili, na Mama akamtokea na maji ya kunawa. Alifariki mwaka 1999. Sura yake ninayo kwenye picha. Honi sina popote, na mwezi uliopita niligundua kwamba siikumbuki vizuri ilivyolia.

Niliogopa.

Kwa hiyo leo nimemwita Fundi Issa. Akafunga betri mpya, honi akaiacha ile ile ya zamani. Tukawasha ufunguo, tukabonyeza. Kimya. Akaizunguka pikipiki taratibu, akakwaruza usukani kwa ukucha.

"Mwalimu, rangi hii kapaka nani?"

Mimi. Likizo ya Juni, kopo zima la bluu, ili isiliwe na kutu. Nilipaka kila mahali mkono ulipofika, hadi chini ya bolti. Nilikuwa namkumbuka, sikuwa na akili ya kubakiza.

"Basi umeizibia ethi. Umeme unafika kwenye honi, ila njia ya kurudi kwenye betri hauna. Chuma lazima kishikane na chuma."

Nilicheka, halafu nikataka kulia, kwa sababu neno hilo nalijua. Nilikuwa na miaka saba, honi ilikufa hivi hivi, nikamwuliza Baba inaumwa nini. Akasema imekosa ethi. Ethi ndiyo nini? "Ni ardhi, mama." Nikaenda nyuma ya jiko, nikachota kopo la udongo, nikamletea. Mtoto wa bwana shamba nilijua hakuna kisichopona kwa udongo mzuri.

Baba hakunicheka. Alichota mchanga kidogo kutoka kwenye kopo langu, akasugua ile bolti yenye kutu, akaikaza, akabonyeza. Ikalia. Kwa miaka nilitembea kifua mbele kwamba pikipiki ya Baba niliiponya mimi.

Leo Fundi Issa amefungua mkoba wa vifaa vya Baba ulio chini ya kiti. Ndani kulikuwa na kipande cha msasa, kimechakaa. Kumbe siku zote alikuwa nacho.

Nilikigeuzageuza kile kipande mkononi. Kisha nikamwomba fundi angoje, nikaenda nyuma ya jiko na kopo.

Nimesugua mwenyewe mpaka chuma kikang'aa, bluu yangu ikabanduka. Nikabonyeza. Ikalia, imekauka sauti kama mtu aliyeamka sasa hivi, lakini ndiyo. Ndiyo yenyewe. Mkono wangu ukabonyeza mara ya pili kabla sijaufikiria.

Mama akatoka jikoni na kata ya maji na sabuni.

Alifika mlangoni, akasimama. Alinitazama mimi, akaitazama pikipiki, akayatazama yale maji aliyoyabeba. Fundi Issa akajifanya anatafuta spana.

"Nawa basi," Mama akasema. "Maji yameshatoka."

Nikakinga mikono. Alinimiminia polepole hadi kata ikaisha, tope na rangi vikaondoka pamoja. Jioni nzima hajakitaja kile kilichotokea.

Nimemkosa Baba leo kuliko siku aliyozikwa.

Kesho asubuhi narudi Ruangwa, pikipiki inabaki hapa, na honi hailii bila ufunguo. Ufunguo uko mfukoni mwangu. Nimwachie Mama, au niondoke nao?