Mshale wa Okoth Umeganda

Tororo, Jumanne

Fundi mkuu wa redio, yaani mwanangu Okoth, leo amefungua mara tatu ile mashine yake ya kupimia taa za redio, zile valvu za kioo zinazowaka ndani yake. Mshale umeganda kwenye "mbovu". Kila taa mbovu, hata mpya! Na kesho redio ya Bwana Disii, mkuu wetu wa wilaya, isipoimba, kibarua cha mwanangu kitaota nyasi.

"Mama, nani kasugua hiki kioo cha mshale?"

"Mimi, kwa kitambaa. Usafi nao ni kosa?"

"Ukikisugua kikavu kinapata umeme, kinanasa mshale!"

Nikainama nione dhambi yangu. Nikahema kwa wasiwasi, kioo kikaingia ukungu, mshale ukaachia wenyewe.

Miaka miwili ya kusomea Nairobi, kumbe dawa ni pumzi ya mama. Sasa bwana fundi ananiomba kesho nisiende soko la Mulanda. Eti mimi ni spea.