Kipande cha Pili

Dada yangu mpenzi,

Mimi mzima. Nimepungua kilo nne, na zipu ya lile gauni la kijani ulilonishonea sasa inapanda hadi juu. Daktari ameniruhusu kipande kimoja cha keki kila Jumamosi.

Ila nanunua viwili. Kwa aibu nilimwambia muuza keki kwamba cha pili ni chako. Nikifika nyumbani navila vyote nimesimama jikoni, maana mezani kuna viti viwili.

Jumamosi iliyopita akaniuliza, "Dada yako hajambo? Keki yangu anaipenda?"

Nikamwambia unaipenda sana, na unamsalimu.

Tangu tumzike mama hujaniandikia. Niandikie basi, hata mstari mmoja, nipate salamu za kweli za kumpelekea.

Mdogo wako,
Kibonge