Bunduki ya Mkono wa Kushoto

Jumapili, 4 Mei
Sahani za udongo ishirini na tano zimerushwa hewani. Nimevunja sita. Kabla ya vita sikuwa nashuka chini ya ishirini. Hassanali, rafiki yangu wa duka la vyuma, anarusha na kuhesabu kwa sauti, mtu mzima anachekelea. Nimemwambia bunduki imechoka, natafuta ingine. Uongo mtupu. Bunduki iko sawa. Ni jicho la kulia. Tangu lile bomu la sokoni mwaka jana, kioo cha duka kiliponirukia, naona ukungu tu. Sijamwambia mtu, hata mke wangu. Wakijua, Jumapili zangu zimekwisha. Bila Jumapili hizi vita itanila mzima.

Jumanne, 6 Mei
Nimeona moja hapa Magarama, kwa fundi. Mitutu miwili, mmoja juu ya mwingine, ndivyo nataka. Nimeifungua mitutu, nikaining'iniza kwa kamba, nikagonga kwa ukucha. Iliyo nzima inalia kama kengele. Hii ilisema tup. Pale mitutu ilipochomelewa pamoja pameachia. Fundi akaapa wallahi ni mpya. Labda mpya ya babu yake! Nimeiacha.

Ijumaa, 9 Mei
Baada ya swala Hassanali kanivuta kando. Muyinga iko mjane, Mama Rukia. Marehemu mumewe alikuwa anapiga sahani na sisi zamani. Bunduki yake inauzwa na hakuna anayeitaka. Bon, sababu? Marehemu alitumia kushoto, na kitako kimepindishwa kufuata shavu la kushoto. Mi nikacheka. Utotoni kushoto ndiko kulikuwa kwangu, mpaka Bibi akanifunga mkono kwa kitambaa mwezi mzima. Kula kwa kulia, andika kwa kulia. Nikashika adabu. Hata hivyo nimesema twende, tuione.

Jumatano, 14 Mei
Muyinga. Tumekwenda kwa msafara, askari mbele na nyuma. Kila barieri ya askari njiani nimeonyesha barua ya ruhusa.

Mama Rukia ametoa bunduki ndani ya kitenge. Nimegonga mitutu. Imelia vizuri, sauti ndefu. Nimefunga na kufungua, haichezi. Kisha nikaielekeza dirishani nichungulie ndani. Nyeupe, chafu. Nikasema kwa kujiamini kabisa: ndani iko kutu, Mama.

Akainyakua. Akachungulia. Akampa Hassanali naye achungulie. Wakatazamana.

"Kutu iko wapi, baba? Angalia na jicho lingine."

Nikaangalia na la kushoto. Duara mbili safi, zinang'aa. Nilitamani ardhi ipasuke.

"Mficha maradhi, kilio humuumbua," Mama Rukia akasema, bila ukali. Akaniwekea kitako begani, bega la kushoto. Kikakaa. Shavu likapata mahali pake lenyewe. Nimeichukua.

Tumerudi kwetu Gitega. Kwenye mlango wangu Hassanali akasema: "Mwaka mzima unanidanganya, we!" Akaenda zake. Nimeumia kuliko siku ya kioo.

Jumamosi, 17 Mei
Hassanali hajapita dukani. Mi pia sikuenda kwake. Nimempelekea habari mkuu wa kata kwamba kesho tunapiga, awaambie watu. Mara moja tulisahau, nusu ya mtaa ikakimbia na magodoro kichwani. Sijui kama Hassanali atakuja.

Jumapili, 18 Mei
Amekuja. Alikuwa amekwisha panga sahani nilipofika. Hakunisalimu. Alirusha ya kwanza.

Nimevunja nne. Mkono wa kushoto umesahau mengi. Amehesabu kwa sauti ileile, na ya nne akaipigia kelele. Sikutafuta kisingizio.

Jioni mke wangu ameona alama nyekundu begani. Akauliza kwa nini la kushoto. Nimemwambia yote. Amelia kidogo, amenitukana kidogo, akapaka mafuta. Miaka yote tukila anakaa kulia kwangu. Leo amebeba kigoda chake, akaja kukaa kushoto.