Mapigo Saba ya Kasiani

Mapera, Jumanne

Ni mapigo saba. Nimehesabu mara tatu kwa kidole, ni saba, halafu tano, halafu wapigaji wote wanarudi pamoja kana kwamba hawakuwahi kuachana.

Tulikuwa kichanjani tunachambua kahawa, Koleta, binti wa marehemu mdogo wangu Kasiani, akanivalisha hedifoni zake. "Baba mkubwa, hii ndiyo metal, ile roki nzito. Usiniambie ni kelele." Mwanzoni ilikuwa kelele kweli, magitaa yananguruma kama mashine ya kusaga. Kisha nikaanza kumfuata mpiga ngoma.

Nimefundisha kwaya miaka thelathini, na mapigo hayo niliwahi kuyasikia mara moja tu. Alikuwa Kasiani, kwenye mazoezi ya Pasaka. Nilisimamisha kwaya nzima nikamwambia mbele ya watu, "Unapotea wewe. Weka hizo fimbo chini." Akaziweka. Hakugusa ngoma tena mpaka tunamzika.

"Umeipenda?" Koleta akaniuliza. Nikamwambia arudishe mwanzo.

Kumbe hakupotea. Ningemwacha amalize ubeti ule tu, angetukuta palepale kwenye pigo la kwanza.