Video ya Migomba Niliyoisema kwa Kunong'ona

Nguba, Commune d'Ibanda,
Bukavu, tarehe 21 Septemba 2024

Mpendwa Tonton Constantin,

Asinge, Tonton. Natumaini barua hii inakukuta mzima huko Lubumbashi, wewe na Tantine Valérie. Je, kile kikohozi cha vumbi kimekuachia? Sisi hapa hatujambo. Maman analalamika mgongo kila akiinama kufua, lakini bado anaimba akifua, kwa hiyo hatuogopi sana. Mvua imeanza, na ziwa asubuhi halionekani kwa ukungu.

Usishangae kupokea karatasi. Kwenye simu unaniuliza jambo, najibu "ndiyo, Tonton," kisha nampa Maman. Safari hii nina neno refu, nikaona niliandike. Jirani yetu Maman Lydie anapanda ndege Jumanne, atakuletea mwenyewe.

Diploma ya sekondari nimeipata, asilimia sitini na mbili. Papa aliinunulia fremu kabla hata hatujaiona. Chuo bado, nasubiri mwaka ujao.

Sasa neno lenyewe. Unakumbuka kwenye matanga ya Bibi ulisema makala zako za kilimo kwenye blogi zinasomwa na watu wasio na hata mgomba mmoja? Wote walicheka. Mimi sikucheka. Nilifikiri juu ya akina mama wa soko la Kadutu, wenye mashamba lakini hawajui kusoma. Ulipompigia Maman mwezi wa sita, alikuuliza kwa niaba yangu kama naweza kuzifanya makala zako kuwa video, nawe ukasema nifanye ninavyoweza.

Nilivyoweza ni hivi: simu ya rafiki yangu Priscille, ambayo kioo chake kimepasuka lakini kamera ni nzima. Nilijaza maharagwe kwenye kopo la maziwa na kuichomeka simu humo ili isitikisike. Jumapili Maman alidai maharagwe yake, nikamaliza wiki kwa mchanga. Sauti nilirekodi ndani ya kabati, katikati ya makoti ya Papa, ili makelele ya barabarani yasiingie. Picha nilichukua kwenye blogi yako, nikazichapisha na kuziweka moja moja mbele ya kamera. Makala yenye kurasa tatu nilikuwa naipunguza mpaka dakika mbili, kwa sababu video ndefu inakula megabaiti na watu hawaimalizi.

Video nne za kwanza zilikwenda vizuri. Jean-de-Dieu, mwenye kibanda cha kuchaji simu pale Kadutu, alikuwa anazitia kwenye kadi za kumbukumbu za simu za wateja pamoja na nyimbo wanazomwomba. Nilifurahi, Tonton. Watu walikuwa wananisikia bila kuniona.

Ya tano ndiyo ile ya mnyauko wa migomba. Wewe uliandika kwamba ua jekundu linaloning'inia chini ya mkungu liondolewe mapema kwa kijiti chenye panda, wala si kwa panga, kwa kuwa panga linabeba ugonjwa kutoka mgomba mmoja hadi mwingine. Kwenye makala uliweka picha moja tu, ya mkono umeshika panga karibu na ua, na chini yake maneno: "Hivi ndivyo wengi wanavyokosea." Maneno hayo yalikuwa madogo mno kwa kioo cha simu, nikayaondoa. Picha ya kijiti sikuwa nayo. Nilidhani sauti yangu inatosha kueleza.

Baada ya wiki tatu Maman Bintu akaja nyumbani. Ni yule mama wa Bunyakiri ambaye Maman hununua ndizi kwake. Alikuwa anacheka tangu mlangoni.

"Gloire, njoo nikushukuru! Ile maua nilishakata yote. Quarante-trois, arobaini na tatu! Siku moja na panga moja tu!"

"Na kijiti, Maman?"

"Kijiti gani? Sikuona kijiti."

"Nilisema, Maman. Ndani ya video."

"Ulisema? Mutoto wangu, mi nilisikia mutu anapumua."

Nilichukua simu yake na kuicheza palepale. Ni kweli. Nilikuwa nimenong'ona kama mtu aliye kwenye kitubio, na sokoni hakuna anayeweza kusikia hivyo. Kilichobaki kilikuwa panga lako, sekunde ishirini nzima, likionekana vizuri kabisa.

Nilipomweleza, aliacha kucheka. Hakunitukana. Shamba lile ndilo linalomlisha yeye na wajukuu wake.

Siku hiyohiyo niliifuta video kwenye mtandao, kisha tukaenda pamoja kwa Jean-de-Dieu. Nilimwomba aifute na yeye.

"Mademoiselle," alisema, "ile iko mu simu za watu, haiko tena mu mukono yangu. Lakini watu wanarudiaka kuchaji. Leta ingine, nitaiita jina ile ile. Ikiingia, ya zamani inatoka."

Kwa hiyo ilibidi nitengeneze nyingine, na haraka. Papa alinisindikiza mpaka Bunyakiri. Shambani tulikuta migomba minne tayari ina majani ya njano, na ndizi zake tulipozipasua zilikuwa na rangi ya kutu ndani. Tuliikata yote minne chini kabisa, na kila baada ya mgomba mmoja tulipitisha panga kwenye moto, kama ulivyoandika. Hayo nayo niliyapiga picha.

Kisha Maman Bintu alishika kijiti chenye panda, mimi nikasimama kando yake, mbele ya kopo la mchanga. Majirani walikuwa wamekuja kutazama. Nilianza kusema, na Maman Bintu akanikatiza:

"Ongea na nguvu! Hata migomba ya mbele haijasikia!"

Watu wakacheka, nikaanza upya. Mara ya nne nilisema mpaka koo likauma: "Ninaitwa Gloire. Video ya kwanza nilikosea mimi. Musitumie panga." Maman Bintu akazungusha kijiti, ua likaanguka chini, naye akaliinua mbele ya kamera kama mtu aliyevua samaki mkubwa.

Sasa kabla ya kutoa video yoyote ninaionyesha kwanza bila sauti kwa mama mmoja asiyejua kusoma, halafu namuuliza angefanya nini shambani. Akijibu vibaya, narudi kuanza.

Nina maombi mawili. La kwanza, uniambie tungoje muda gani kabla ya kujua kama ile migomba thelathini na tisa iliyobaki imepona. Maman Bintu huikagua kila alfajiri, na safari hii hakutuletea ndizi. La pili ni kuhusu jina lako, ambalo liko mwishoni mwa video zote. Kosa lilikuwa langu, lakini limetembea na jina lako. Nisamehe. Ukitaka niliondoe, nitaliondoa.

Msalimie sana Tantine Valérie, na Cirhuza mdogo umwambie dada yake hajasahau deni la hadithi. Papa, Maman na Priscille wanawasalimu. Maman Bintu naye anasema ukija Bukavu upitie shambani kwake, njaa au shibe. Mungu awalinde njiani na nyumbani.

Ndani ya bahasha kuna kadi ndogo ya kumbukumbu ya simu, nimeifunga kwa karatasi ya daftari. Ni video mpya. Tafadhali icheze mara ya kwanza bila sauti, uone kama unaelewa. Mara ya pili weka sauti, lakini si juu sana, Tonton. Tantine Valérie atasikia hata akiwa jikoni.

Ni mimi mpwa wako, nikupendaye daima,

Gloire